Mtoki, Shaka na Yakini

Mwambie jirani yako wa Chang'ombe au Kikuyu, hapa Dodoma, kwamba umekutwa na saratani. Atakupa pole, atapitisha daftari la mchango wa nauli ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, na jina lako litatajwa kwenye maombi ya jumuiya wiki hiyohiyo. Mwambie jirani huyohuyo kwamba hujakutwa na kitu, ila mwezi wa tatu sasa hulali kwa kuogopa kwamba unayo. Atacheka, na akiwa mtu wa utani atakuuliza kama umeshapita Mirembe. Hospitali ile imekuwapo mjini hapa tangu miaka ya 1920, leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, lakini jina lake bado linatumika nchi nzima kama kejeli. Ndiyo maana kijana wa miaka ishirini na kitu anayejipapasa shingo kila baada ya dakika chache hamwambii mtu. Ana mambo mawili ya kuficha, uvimbe anaoushuku na hofu yenyewe, na hilo la pili linamtia aibu kuliko la kwanza. Wanaomzunguka wana majibu mawili tayari. Mchungaji au shehe atasema imani imepungua. Mtu wa afya atasema afadhali mwoga anayekuja mapema kuliko shujaa anayekuja amechelewa. Majibu yote mawili, nadhani, yanakosea kuhusu kitu anachokitafuta kijana huyu. Anatafuta ahadi, na hakuna kipimo, nabii wala mganga mwenye mamlaka ya kuitoa. Swali la kidini na la kifalsafa ni namna gani mtu aenende akiwa hana ahadi hiyo.

Tuanze na mwili, maana hofu nayo huanzia hapo. Bibi yeyote wa Ugogo anaujua mtoki. Mtoto kachomwa mwiba, kidonda kimeingia uchafu, baada ya siku mbili tatu kinundu kinatokeza kwenye kinena na mtoto anachechemea. Bibi hahangaiki na kinena. Anainua mguu, anautafuta mwiba, anaosha kidonda kwa maji ya chumvi, na mtoki unanywea wenyewe. Elimu yake ni sahihi. Tezi za kinena, kwapa na shingo huvimba zinapopambana na vijidudu, na kwa kijana mwembamba huweza kupapasika hata akiwa mzima kabisa. Sasa mchukue mjukuu wa bibi huyo, mwanafunzi wa chuo kikuu, anayekutana na kinundu kilekile akiwa anaoga hosteli. Haangalii unyayo, anashika simu. Anaandika maneno mawili, simu inamletea orodha, na kwenye orodha imo limfoma, saratani ya tezi kama hizo. Kuanzia hapo anakibonyeza asubuhi, chooni, darasani chini ya meza, na usiku kabla ya kulala. Tezi inayobonyezwa kutwa nzima huuma, na maumivu hayo yanakuwa ushahidi mpya. Wiki ya pili hamu ya chakula imekatika kwa hofu, kilo zimepungua, na kupungua kilo kumo kwenye orodha. Anagaagaa kitandani mpaka analowa jasho, na jasho la usiku nalo limo. Hofu imejitengenezea dalili zake yenyewe, kiasi kwamba hata akienda kwa daktari atazieleza kwa ukweli mtupu, bila kutia chumvi.

Na anakwenda. Daktari anampapasa, anaagiza picha kamili ya damu, pengine na utrasaundi, kisha anamwambia, "Hatujaona kitu." Daktari mwaminifu hasemi "Hakuna kitu", kauli hiyo imezidi uwezo wa mashine zake, naye anajua. Kijana anatoka mlangoni amepona, na uponyaji huo unadumu mpaka atakapoanza kuchambua alichoambiwa. Hawajaona, lakini je, waliangalia mahali penyewe? Je, kama kipo na bado ni kidogo? Mwaka 2013 watafiti Alexandra Rolfe na Christopher Burton walikusanya majaribio 14 yenye wagonjwa 3,828 ambao uwezekano wao wa kuwa na ugonjwa mkubwa ulikuwa mdogo, wakauliza kama vipimo viliwatuliza. Jibu lilikuwa kwamba havikuwapunguzia wasiwasi wala dalili kwa namna ya kudumu. Soko limeliona pengo hilo zamani. Siku hizi, kwenye semina za virutubisho na kwenye meza za pembeni ya barabara, utamkuta kijana mwenzake aliyevaa koti jeupe na kompyuta ndogo. Unapewa kijiti cha chuma, unakifumbata kiganjani kwa dakika moja hivi, na kompyuta inamwaga kurasa: ini, figo, kongosho, mifupa, "sumu mwilini". Chuma cha kiganjani hakiwezi kupima kongosho. Lakini kinafanya jambo ambalo hospitali imekataa kulifanya, kutoa jibu kwa kila kiungo bila kusita, na chini ya jibu pana chupa ya kununua. Matangazo ya dawa za tezi dume redioni nayo ni hivyohivyo. Yanamfikia mvulana wa miaka 22 kwa sauti ileile yanayomfikia babu yake, ingawa saratani ya tezi hiyo ni ya umri wa babu.

Kutaka jibu la namna hiyo hakukuja na simu. Kule Kolo, wilayani Kondoa, kwenye miamba ya michoro iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, watu wa vijiji vya jirani wameendelea kwenda kutambika, kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na hiyo ni nchi yenye misikiti na makanisa. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo miaka ya 1960, alieleza jinsi maradhi na ukame vilivyosomwa pamoja, kama hali ya nchi na watu wake kuharibika, hali inayorekebishwa kwa ibada. Mtu akisikia habari hizo atasema huo ni ujinga wa kale. Lakini tambiko lina sifa moja ambayo utrasaundi haina, nayo ni kwamba linakwisha. Mnyama amechinjwa, maneno yamesemwa, watu wanarudi nyumbani na shauri limefungwa. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, kumbuka mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, ambako Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, aliwanywesha maelfu ya watu dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Watu wanazungumzia bei na foleni ya magari. Mimi naona sharti lililovutia zaidi lilikuwa kwamba ni kikombe kimoja tu, mara moja, basi. Hakuna kurudi kliniki, hakuna kipimo cha miezi sita. Waliokuwa na virusi vya UKIMWI wakaacha dawa zao kwa ajili ya kikombe hicho walilipa gharama yake. Samunge kulikuwa na kikomo bila ukweli. Hospitali ina ukweli, lakini haijamfundisha mtu pa kukomea.

Tuseme sasa ahadi ingepatikana kweli, kutoka kwa mwenye mamlaka nayo. Maandiko yana mtu aliyepewa. Hezekia, mfalme wa Yuda, aliugua jipu karibu kufa, na nabii Isaya akamwendea kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Akageuka ukutani akalia na kuomba, na nabii akarudishwa njiani kumwambia ameongezewa miaka 15. Hakuna majibu ya maabara yaliyowahi kuwa na uthabiti huo. Lakini mfalme akadai ishara ya kuthibitisha, na kivuli kikarudi nyuma madaraja kumi. (Tini nazo zilibandikwa juu ya jipu; wale wanaofundisha kwamba dawa ni dharau kwa maombi huwa wanauruka mstari huo.) Kuna mambo mawili ya kuyaangalia hapo. La kwanza, neno la Mungu lenyewe halikumtosha mtu mwenye hofu. Alihitaji kitu cha kulihakikisha, na hatuna sababu ya kudhani kwamba mwenye tabia ya kuhakikisha asingetaka kukihakikisha na kivuli. La pili ni gumu zaidi. Ahadi ya miaka 15 ina mwaka wa 14. Maandiko hayasemi Hezekia aliulalaje usiku wa mwaka huo, lakini kijana anayesema angetulia kama angejua tu, inafaa ajiulize kama angetulia kwa kujua hivyo. Ahadi isiyo na tarehe haiaminiki, na yenye tarehe ni saa inayohesabu. Kwa hiyo tatizo la kijana wetu haliwezi kutatuliwa kwa kumwongezea uhakika, hata tukiazima uhakika wa mbinguni.

Waliolishughulikia tatizo la sura hii kwa makini kuliko wote, nionavyo, ni mafakihi wa Kiislamu, nao walikutana nalo kwenye birika la udhu. Mtu ametawadha, amesimama kuswali, anahisi kitu tumboni. Hajui kama udhu umetenguka. Hadithi inayojulikana na kila mtoto wa madrasa inamwagiza asiache swala mpaka asikie sauti au apate harufu. Kutokana na mafundisho kama hayo wanazuoni walijenga mojawapo ya kanuni kubwa za fikihi, kwamba jambo lililothibiti kwa yakini haliondolewi na shaka. Wakaongeza hukumu kwa yule ambaye shaka limekuwa mazoea yake: huyo asilizingatie, asirudie udhu, asirudie swala. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika kijitabu kizima cha kuwakemea wanaojitesa kwa kuosha na kurudia kuosha. Karne tatu kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikuwa ameandika kitabu kuhusu manufaa ya miili na nafsi, akauweka wasiwasi wa nafsi miongoni mwa maradhi yenye tiba yake, na akashauri mtu ajiandalie hoja zake akiwa ametulia ili azitumie hofu ikimjia, na asikae peke yake. Lakini tuitazame kanuni yenyewe inasema nini. Haisemi kwamba upepo haukutoka. Huenda ulitoka. Inachosema ni namna ya kuenenda wakati hatujui, na inampa mja haki ya kuendelea na swala bila kuthibitisha kwanza kwamba yuko safi. Hukumu hiyo ni ya mwenendo. Habari ya tumbo imeachiwa Mungu.

Hapa patakuja pingamizi la haki. Udhu si saratani. Aliyekosea kuhusu udhu anasamehewa, aliyekosea kuhusu uvimbe anazikwa; kwa nini kanuni ya jambo jepesi itawale jambo zito? Ningekubali, kama kanuni ingesema mtu apuuze. Lakini inamwambia asubiri sauti au harufu, yaani alama iliyo nje ya hofu yake, ambayo hata mtu mwingine aliyesimama pembeni angeweza kuitambua. Uzito wa jambo unaweza kushusha kiwango cha alama tunayoidai, hauwezi kutuondolea haja ya kuwa na alama. Umuhimu wa alama kuwa nje ya mtu unaonekana vizuri kwa Ignasi wa Loyola, mtakatifu wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1522, pale Manresa, alishikwa na hofu kwamba kuna dhambi za zamani hakuziungama vizuri. Aliungama, akapata nafuu, hofu ikarudi, akaungama tena, mpaka akafikia mawazo ya kujiua. Muungamishi wake alimpa amri iliyoonekana ya busara: asiungame tena dhambi za zamani isipokuwa iliyo wazi kabisa. Amri haikumsaidia kitu, kwa sababu kwake zote zilikuwa wazi. Huo ndio udhaifu wa ushauri tunaowapa vijana wetu, kwamba njoo ukiona kitu kisicho cha kawaida. Kwa mwenye hofu hakuna kilicho cha kawaida. Ignasi alipata njia alipoacha kabisa kuziungama za zamani, bila kusubiri kwanza ahisi kwamba zimesamehewa.

Basi sauti na harufu za uvimbe ni zipi? Hilo si siri, na lingefaa kubandikwa kwenye milango ya mabweni kuliko matangazo mengi yaliyopo. Kinundu kisichonywea baada ya wiki tatu au nne, kinachokua, kigumu, hasa kama hakiumi. Chochote kilichovimba juu ya mtulinga. Uvimbe au ugumu ndani ya korodani, hata usipouma, na huo usisubiri wiki hizo. Chakula kukwama kooni, maana saratani ya koo la chakula katika ukanda huu wa Afrika Mashariki huwapata hata watu wenye umri mdogo. Damu kwenye mkojo au choo; ya choo kwa kijana mara nyingi ni bawasiri, lakini ni ya daktari kuisema. Kikohozi cha wiki mbili, kinachoanza na kipimo cha kifua kikuu. Uzito unaopungua bila sababu, na uonekane kwenye mizani ya zahanati, maana suruali kulegea si ushahidi. Kila moja ya hizo ina kipimo kisicho kidole cha mwenye hofu: wiki, kilo, rangi, ukubwa. Ikiwapo mojawapo, shaka limepata shahidi na mtu aende, akubali hata kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara. Isipokuwapo, aendelee na swala yake.

Wauguzi na madaktari wa Ocean Road wataniuliza kama nimeona wodi zao. Makadirio ya GLOBOCAN ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 wa saratani kwa mwaka, na walio wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati mara nyingi kilichobaki ni kupunguza maumivu. Katika nchi ya wachelewaji, kwa nini tuwasumbue wachache wanaowahi? Pingamizi hili lina nguvu, lakini linachukulia kwamba hofu huwapeleka watu hospitali. Mara nyingi huwazuia. Mtu yuleyule aliyepimwa damu mara nne mwaka huu ndiye anayekimbia siku anapoambiwa achukuliwe kinyama, kwa sababu hicho ndicho kipimo kinachoweza kumjibu kweli. Kuna ushahidi wa Sweden wa kutafakari hapa. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2023 uliwafuatilia zaidi ya watu 4,000 waliotambuliwa kuwa na ugonjwa wa hofu ya maradhi. Walikufa mapema, kwa wastani wakiwa na miaka 70 badala ya 75 ya wenzao, na hatari yao ya kujiua ilikuwa takriban mara nne. Kwa saratani hakukuwa na tofauti ya maana: kuiogopa hakukuwakinga nayo. Saratani iliwaua sawa na watu wengine, lakini kwa jumla walikufa zaidi. Mchelewaji na mwenye hofu wote wawili wanakosa kitu kimoja, alama ya nje inayosema sasa nenda na sasa kaa, na kampeni inayomtisha mchelewaji kwa picha za vidonda humzidishia maradhi yule mwingine.

Upande wa mimbari pingamizi ni tofauti. Huko inasemwa hofu ni mlango, na anayeuogopa ugonjwa ameukaribisha. Ushahidi unaotolewa ni Ayubu, aliyesema kwenye maombolezo yake kwamba jambo aliloliogopa ndilo lililompata. Kutokana na sentensi hiyo moja limejengwa fundisho la kukiri, kwamba usitamke ugonjwa, usiukubali, utakuwa wako. Matokeo yake kwa kijana wetu ni mabaya, maana sasa anaogopa saratani na anaogopa kuogopa. Lakini fundisho hilo limemsoma Ayubu nusu. Msomaji anajua tangu sura ya kwanza kwamba msiba wa Ayubu haukuletwa na hofu yake. Wanaotafuta kosa ndani ya mgonjwa ni rafiki zake watatu, nao mwishoni mwa kitabu ndio wanaokemewa na Mungu kwa kunena yasiyo sawa, huku Ayubu aliyelalamika sura hadi sura akithibitishwa. Kama kuna kitabu kinachokataza kumwambia mgonjwa kwamba ameugua kwa upungufu wa imani, ni hicho. Tena mtu mwenye hofu ya maradhi hana upungufu wa kuomba. Huomba kupita wote nyumbani. Kasoro ya sala yake, kama tuiite kasoro, ni kwamba kila ikiisha anaenda kuangalia kama imejibiwa, kwa kidole.

Mzee wa Bahi au Manchali anaweza kusema haya yote ni maradhi ya kushiba. Babu zetu walipita kwenye Mtunya, njaa kuu iliyoanza mwaka 1917 baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakata. Nani angekaa kubonyeza shingo? Ni kweli hofu hufuata kile kinachoua na kile kinachopimwa. Lakini mkulima wa nchi hii, anayetegemea msimu mmoja wa mvua kati ya Desemba na Aprili, ana somo kubwa kuliko hilo la ushupavu. Anapanda uwele na mtama kabla hajajua mvua itakuwaje, na kabla hajapanda ameshapunguza hatari kadiri anavyoweza, ng'ombe wengine amewakabidhi kwa shemeji na marafiki wa vijiji vya mbali ili ukame wa mahali pamoja usimalize zizi. Akishamaliza hayo hachimbui mbegu kila asubuhi kuangalia kama imeota. Kuhusu kile kinachoua, kijana anayehofia limfoma hupanda bodaboda bila kofia ngumu kwenda kupima limfoma, ingawa Shirika la Afya Duniani linahesabu ajali za barabarani kuwa muuaji wa kwanza wa watu wa miaka 5 hadi 29. Simlaumu. Barabara anaiona, na anachokiona anadhani anakiweza. Saratani iko ndani, haina sauti, na mwanzo wake unafanana na kutokuwa na kitu. Hiyo inaeleza kwa nini hoja za takwimu hazimgusi. Ukimwambia uwezekano ni mdogo sana, atauliza kama huo mdogo si yeye.

Lipo pingamizi moja ambalo sina jibu la kulimaliza. Kanuni ya yakini na shaka inamfaa mtu anayeweza kufika kwenye kipimo pale alama inapoonekana. Kijana wa Dodoma mjini anayo Hospitali ya Benjamin Mkapa yenye mashine za CT na MRI, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inamfikisha Dar es Salaam chini ya saa nne kama ikibidi Ocean Road. Wa kijiji cha ndani Chemba au Mpwapwa ana zahanati, nauli ya basi, na kinyama kitakachosafiri mbali zaidi kuliko yeye. Huyu kutojua kwake hakukutokana na hali ya mwanadamu, kumetokana na umaskini. Kumhubiria tawakuli ni kumfunika kwa dini ili tusimwone. Kuna kutojua kunakoondolewa kwa fedha, barabara na bima, na huko ni deni la serikali na jamii. Kuna kunakobaki hata kwa mfalme, na huko tu ndiko ninakokuzungumzia. Kiongozi wa dini anayechanganya haya mawili anawadhulumu wote wawili, kwa kumwambia maskini avumilie na kumwambia mwenye bima aendelee kupima.

Kwa yule ambaye kipimo kimeshafanyika, kinachobaki ni kikomo, na kikomo lazima kitolewe na mtu mwingine. Paulo alikuwa na mwiba mwilini, wanazuoni hawajakubaliana ulikuwa nini, akaomba uondolewe mara tatu. Hakuondolewa, naye hakuomba mara ya nne. Mchungaji anayefuatwa kwa mara ya nne kuombea kinundu kilekile angemsaidia zaidi kijana kwa kukataa, kwa upole, na kukaa naye kuzungumza mambo mengine. Daktari naye angeweza kuandika kwenye kadi kitu zaidi ya "hatujaona": rudi tarehe fulani, wiki sita kutoka leo, nitakipima kwa rula, kabla ya hapo usije wala usikibonyeze, labda uone mojawapo ya alama zilizoandikwa hapa. Kutii karatasi hiyo kutamuuma, maana nafuu ya kubonyeza ipo karibu na nafuu ya kutobonyeza inachukua wiki kadhaa kuonekana. Wapo watakaoshindwa, kama Ignasi alivyoshindwa na amri ya kwanza. Hao ni wagonjwa, na ugonjwa wao unatibika kwa tiba ya mazungumzo yenye hatua zinazojulikana, wengine pamoja na dawa. Wataalamu wa kazi hiyo wapo Mirembe, kilomita chache tu kutoka vyuo vikuu viwili na makanisa na misikiti isiyo na idadi. Lakini barua ya rufaa kutoka kwa mchungaji, shehe au mganga mkuu wa zahanati kwenda huko, kwa kijana ambaye hajavunja kitu wala kumpiga mtu bali hapati usingizi tu, ni nadra kuandikwa, na yeye mwenyewe angeipokea angeichana kabla hajavuka lango.